Mjomba, mifupa ya Tendaguru na neno "hujasoma"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia, mwaka wa tatu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyumbani kwetu ni Mingoyo, Lindi. Likizo hii tulikuwa na hitima ya marehemu bibi, mzaa mama. Baada ya chakula watu wamekaa barazani, mazungumzo yakaangukia kwa mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria aliyechimbwa huku kwetu Lindi. Nikatoa simu, nikawaonyesha picha ya ile mifupa iliyosimamishwa Berlin, nikasema mnyama huyo aliishi miaka milioni 150 iliyopita. Mjomba wangu ni mwalimu wa madrasa, na ndiye aliyenifundisha Kurani. Akasema hizo ni hadithi za wazungu, dunia yenyewe haijapita miaka elfu saba. Nikambishia. Akasema mtu akishamsahau Mungu huamini lolote. Nami mbele ya wazee nikamjibu, "Mjomba, tatizo lako hujasoma." Akanyanyuka akaondoka. Hii ni wiki ya tatu. Salamu anaitikia, kisha anageuza uso. Mama hana raha. Mimi ninaswali na ninamwamini Mungu, lakini siwezi kuupa mwamba umri ambao sio wake. Nitajadiliana naye vipi bila kukana ninachokijua? Na je, nimwombe radhi hali nilikuwa sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mwalimu wa baiolojia, nikawa upande wako. Mara ya pili niliisoma kama mjomba, maana nami nina wapwa, nikaumia. Baada ya ile ya tatu ndipo nikashika kalamu.

Mjomba wako hakunyanyuka kwa sababu ya mjusi. Watu wa Lindi wanabishana juu ya mjusi huyo tangu mimi mdogo, na sijapata kuona mtu akisusa baraza kwa ajili yake. Alinyanyuka uliposema "hujasoma". Pwani yetu neno kusoma lina milango miwili: yuko aliyesoma skuli na yuko aliyesoma chuoni, na katika vijiji vingi vya huku chuo cha Kurani kilitangulia shule ya serikali kwa miaka mingi. Mtu kama yeye amekaa chini ya shehe wake utoto mzima, amehitimu msahafu, amepitia fiqhi, pengine na nahau ya Kiarabu. Alifu yako ya kwanza umeipokea mkononi mwake. Na marehemu aliyekuwa akisomewa hitima siku hiyo, ambaye wewe unamwita bibi, yeye anamwita mama. Ukamwambia mtu huyo, katika hitima ya mama yake mzazi, mbele ya watu waliokuja kusoma, kwamba hajasoma.

Tena ni mjomba. Huku Kusini, kwa Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua, ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli juu ya watoto wa dada yake, kuanzia jandoni mpaka kwenye posa. Mengi yamebadilika, lakini uzito wa mjomba haujaisha, na wazee waliokaa pale barazani walijua wameshuhudia nini kuliko ulivyojua wewe.

Usidhani nakusema kwa kuwa mimi sijawahi. Miaka yangu ya mwanzo ya kufundisha kidato cha nne, tukiwa kwenye mada ya mageuko ya viumbe, binti mmoja alinyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, Nabii Adamu yuko wapi kwenye mchoro huu?" Darasa likacheka. Nami nikacheka, nikamwambia hilo akaulize madrasa. Akakaa. Kwenye mtihani wa muhula alijibu swali la mageuko vizuri kuliko wote, kisha pembeni, kwa penseli, akaandika: "Nimeandika ili nipate maksi." Nililiweka lile karatasi mezani kwa siku kadhaa nikilitazama. Nilikuwa nimempa majibu yote na sikuwa nimemfundisha kitu. Hakuniuliza swali jingine mpaka anamaliza shule.

Yule binti hakuwa anauliza habari za mifupa ya nyani. Alikuwa anauliza kama akiyakubali ninayosema atabaki kuwa mtoto wa nyumbani kwao. Mjomba wako naye, aliposema mtu akishamsahau Mungu huamini lolote, wewe ulisikia hoja dhidi ya jiolojia. Mimi nasikia mtu anayeogopa kwamba mpwa aliyemlea kwenye mkeka wake anaondoka. Hilo lina jibu, tena umeniandikia mimi badala ya kumwambia yeye: unaswali, unamwamini Mungu. Kama yangekuwa maneno yako ya kwanza pale barazani, huenda yale ya miaka milioni 150 yangesikika kwa sikio jingine.

Sasa tuje kwenye "hadithi za wazungu". Najua uliiona kauli hii kuwa ya kijinga. Itazame tena ukiwa na tarehe mkononi.

Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 kwenye vilima vya Matumbi, huko Kilwa, mkoa wetu huuhuu. Wajerumani walivizima kwa bunduki, kisha kwa njaa: walichoma mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 75,000 na hufika 300,000, wengi wao kwa njaa. Vita havijaisha, mwaka 1906, mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, akaonyeshwa mifupa mikubwa iliyochomoza ardhini Tendaguru. Mwaka 1907 akaja mtaalamu wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe, Eberhard Fraas. Mwaka 1909 msafara wa makumbusho ya Berlin, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ukaanza kuchimba, ukachimba mpaka 1913. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilitoka kule kilimani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku zipatazo nne kwa miguu, juu ya vichwa na mabega ya watu. Watu hao walikuwa nani? Ni wale ambao miaka michache nyuma ghala za wazazi wao ziliwaka moto.

Kwa hiyo katika ardhi yetu sayansi ya visukuku haikubisha hodi. Ilifuata nyuma ya jeshi, ikachukua, ikaondoka, na mifupa mpaka leo iko Berlin. Babu akimwambia mjukuu "wazungu walichimba vitu vyetu wakatuletea hadithi", katika sentensi hiyo nusu ni kumbukumbu ya kweli kabisa. Mjomba wako amekosea umri wa mwamba. Hajakosea kuwa na shaka na mleta habari. Ukiweza kuyatenga mambo hayo mawili, ukamkubalia moja kwa moyo mweupe kabla hujambishia la pili, hutakuwa umekana chochote unachokijua.

Na ndani ya historia hiyohiyo kuna mtu ambaye ningependa mjomba wako amjue. Anaitwa Boheti bin Amrani. Ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji na fundi wa kuandaa mifupa. Wale wasomi wa Kijerumani walimtegemea kutambua mfupa ulipo, kuutoa bila kuuvunja, kuufunga usafiri. Mwaka 2007 mnyama mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii, na hilo la pili ni heshima yake. Jina hilo, bin Amrani, litamke taratibu mbele ya mjomba. Elimu hii haikuchimbwa na mikono ya wazungu peke yake. Ilichimbwa na watu wenye majina kama ya watu wa barazani kwenu. Mimi nimeona nyuso zikibadilika mtu anapolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na kusema kweli hunikera kwamba watoto wetu humaliza kidato cha sita hapahapa Lindi bila kulisikia.

Halafu kuna lugha. Umesomeshwa jiolojia kwa Kiingereza, na naweza kubahatisha kwamba ulipobanwa pale barazani ulianza kumwaga majina ya vipindi na vipimo kwa Kiingereza. Kila neno la namna hiyo lilikuwa linamwambia mjomba "hujasoma" kabla hujalitamka mwenyewe. Jitihada ya kuyasema haya kwa Kiswahili sio mapambo ya adabu tu. Itakuonyesha wewe mwenyewe ni wapi unaelewa na ni wapi umekariri.

Jaribu hivi. Mwambie Tendaguru ni kama ukuta wa kisima: ukishuka unakuta tabaka juu ya tabaka. Tabaka zenye mifupa ya dinosaria ziko tatu, na katikati yake kuna mchanga wenye makombe ya baharini. Mtu wa Lindi hahitaji digrii kuelewa kwamba kombe la bahari halikupanda kilima lenyewe. Bahari ilikuja ikarudi, ikaja tena. Ndani ya tabaka hizo kuna wanyama wa baharini waliotoweka, jamaa wa ngisi na pweza, wenye gamba la kujiviringisha kama la konokono, wanaoitwa amonaiti. Amonaiti wa namna hiyo wanapatikana pia nchi nyingine, na zipo sehemu duniani ambako tabaka zao zimepakana na majivu ya volkano. Majivu hayo yana chembe za madini zenye urani, na urani hugeuka madini ya risasi kwa mwendo usiobadilika: urani ya aina moja huchukua miaka bilioni nne na nusu hivi kupungua nusu. Mtu anapima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa, anapata umri. Ndivyo tunavyofika kwenye milioni 150. Hakuna aliyekuwepo, ni kweli, na mjomba atakuambia hivyo. Mjibu kwamba hata mwindaji hakuwepo nyati alipopita, ila alama ya kwato anaisoma.

Ukimaliza, nyamaza. Usimwulize "umekubali?" Elimu ya namna hii ilikuchukua wewe miaka mitatu, yeye umempa nusu saa.

Sasa upande wake. Umewahi kumwuliza hiyo miaka elfu saba ameitoa wapi? Sikusudii umtege. Umwulize kwa kutaka kujua, maana jibu lina historia nzito. Wakristo wa Ulaya wengi walishika hesabu ya Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, ambaye mwaka 1650 alikokotoa kwa kufuata vizazi vya Biblia kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Katika vitabu vya kale vya Kiislamu nako zimo riwaya, yaani masimulizi yaliyopokelewa, za miaka elfu saba. Al-Tabari alizinukuu katika historia yake. Kwa hiyo mjomba hakuzua. Lakini katika mapokeo hayohayo yuko Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, aliyesema waziwazi kwamba Waislamu hawadai kuijua idadi ya miaka ya dunia. Na Kurani yenyewe, wewe umeisoma, haitaji umri wa dunia popote. Inataja siku sita za uumbaji, na mahali pengine inasema siku moja kwa Mola ni kama miaka elfu tunayoihesabu sisi, na pengine inataja siku ya kadiri ya miaka elfu hamsini. Mimi sio shehe, na tafsiri sitaifanya hapa. Nakuonyesha tu kwamba swali la umri wa dunia liliwahi kujadiliwa ndani ya nyumba ya mjomba wako karne nyingi kabla ya Berlin kuwa na makumbusho. Mwulize yeye akufafanulie aya hizo. Hapo utakuwa umemrudisha kwenye kiti chake cha ualimu, na wala haitakuwa hila, kwa sababu katika hilo yeye anajua na wewe hujui.

Nikupe watu wawili wa kufuata, wote watu wa dini.

Wa kwanza ni al-Biruni, msomi wa Kiislamu aliyezaliwa mwaka 973. Aliandika kuhusu Wahindi na dini yao wakati ambao Sultani aliyemtumikia alikuwa anawapiga vita na kuvunja mahekalu yao. Alijifunza Kisanskriti, akasoma vitabu vyao, akaeleza imani zao kwa maneno yao wenyewe kabla ya kusema yeye anaonaje. Nakusihi ushike kipimo hicho. Kabla hujambishia mjomba tena, uweze kuieleza hoja yake mpaka yeye mwenyewe aseme, "Naam, hivyo hasa ndivyo ninavyosema." Kama huwezi, bado hujawa tayari kubishana, unabishana na kivuli ulichokichora wewe. Na kuna zawadi humo kwa mwanajiolojia: katika kazi hiyohiyo al-Biruni alitazama mawe ya mviringo na mchanga wa tambarare za India, akaona kokoto kubwa ziko karibu na milima na laini ziko mbali, akasema nchi ile ilikuwa bahari iliyojazwa na udongo wa mito. Msomee mjomba hilo.

Wa pili ni al-Ghazali, ambaye hakuna mwalimu wa madrasa pwani hii asiyelijua jina lake. Akizungumzia kupatwa kwa jua na mwezi, alisema anayedhani kwamba kukanusha hesabu za wanafalaki ni kuitetea dini, huyo anaidhuru dini. Watu wanaojua hesabu zile hawatazitilia shaka hesabu. Wataitilia shaka dini. Msingi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 632 jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume, watu wakasema jua limemlilia. Mtume akawakatalia: jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Fikiria baba aliyetoka kuzika mtoto, anapewa faraja na umma mzima, na anaikataa kwa sababu sio kweli. Kila nikifundisha mada ya kupatwa kwa jua huisimulia habari hii, kwa watoto wa dini zote, na darasa hunyamaza.

Lakini nisikupakie hoja za kumshinda tu, kwa sababu uwazi wa akili ukidaiwa upande mmoja unakuwa dhuluma. Wewe utafungua nini? Kuna jambo ambalo mtu wa sayansi lazima alikubali hapa Kusini hata kabla hajaulizwa, nalo ni kwamba wataalamu wamewahi kutukosea, tena kwa kujiamini. Waulize wazee wa Nachingwea habari za Mpango wa Karanga. Waingereza walikuja mwaka 1947 na matrekta na hesabu za kitaalamu, reli ikatandikwa kutoka Mtwara, misitu ikang'olewa, na ilipofika 1951 mpango ulikuwa umeanguka baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Mvua na udongo wa Tanganyika havikufuata karatasi zao, na wakulima waliouishi udongo huo hawakusikilizwa ipasavyo. Reli yenyewe baadaye iling'olewa. Mtu aliyesimuliwa haya na baba yake, ukimwambia "wataalamu wamethibitisha", anakumbuka reli.

Hata hivyo sayansi ina jambo moja zuri ambalo kijana kama wewe unaweza kulisema bila majivuno: hukubali kusahihishwa, hata na wavu wa mvuvi. Samaki aitwaye silikanti alijulikana kwa visukuku tu, wataalamu wakaamini ametoweka pamoja na dinosaria, miaka milioni 66 hivi iliyopita. Mwaka 1938 akanaswa mmoja hai Afrika Kusini. Kule Ngazija wavuvi walikuwa wanamfahamu siku zote, wanamwita gombessa. Na mwaka 2003 akavuliwa Songo Mnara, Kilwa, kwenye maji yetu. Vitabu vikabadilishwa. Mwambie mjomba kisa hiki kwanza, kabla ya dinosaria. Aone kwamba unaisimulia elimu yako pamoja na makosa yake.

Kuna kitu kimoja sitaki unielewe vibaya. Kusikiliza kwa huruma sio kugawa ukweli nusu kwa nusu. Umri wa Tendaguru hauwi miaka milioni 75 ili wewe na mjomba mkutane katikati. Na ziko nyakati ambazo subira yote hii haifai hata kidogo.

Unajua degedege. Mtoto ana homa, anakakamaa, macho yanageuka, na huku kwetu wapo wengi wanaoamini ni mambo ya mashetani, kwamba akipigwa sindano katika hali ile atakufa. Huenda ikawa malaria iliyopanda kichwani, na kila saa ina hesabu yake. Hapo huna wiki tatu za kumwelewa mtu. Lakini tazama kwamba hata hapo huruma ndiyo inayofanya kazi, ila inakimbia. Nimemwona muuguzi mmoja mtu mzima, mwanamke wa Kimakua, akifika nyumba ambayo bibi wa mtoto alikuwa ameshika kombe la kunywesha, yaani maji yaliyooshea maandishi ya Kurani. Hakubishana juu ya shetani. Alisema, "Bibi, pakia kombe lako twende nalo, dua utaisoma njiani, pikipiki inangoja." Wakaenda wote. Mtoto yule akapona. Mabishano juu ya shetani, kama yangekuwa na haja, yangeweza kungoja wiki ijayo. Lako wewe na mjomba sio la namna hiyo. Mifupa imekaa miaka milioni 150, hakuna mtoto anayekakamaa, una muda wote wa duniani.

Kwa sababu hiyo usitafute kumaliza kesi kwa siku moja, na usiimalizie barazani. Mbele ya watu kila mmoja analinda uso wake, na mjomba ana uso mkubwa zaidi wa kulinda. Kama unaona mlango umefungwa sana, tafuta mtani wa ukoo wenu. Hicho ndicho chombo tulichoachiwa na wazee kwa kazi ya kusema maneno magumu bila kumwaga damu, mtani anaweza kumwambia mjomba "unamnunia mtoto wako wa chuoni kwa ajili ya mfupa?" na mjomba akacheka, wakati mama yako akisema hivyohivyo atalia. Lakini jaribu kwanza kwenda mwenyewe.

Sasa swali lako la mwisho: uombe radhi hali ulikuwa sahihi? Ulikuwa sahihi katika neno moja, ukakosea katika neno jingine, na radhi inaombwa kwa lile la pili. Nenda asubuhi, baada ya alfajiri, kabla wanafunzi wake hawajafika. Nenda mikono mitupu au na sukari kilo moja, sio na simu mkononi. Na usiseme "samahani kama nilikuudhi", kwa sababu hiyo "kama" inamrudishia mzigo yeye. Sema kitu cha namna hii, kwa maneno yako: "Mjomba, nilikuambia hujasoma, na wewe ndiye uliyenisomesha. Nilisema vibaya, mbele za watu, siku ya hitima ya bibi. Naomba radhi. Habari ya umri wa ile mifupa bado naiona kama nilivyosema, na siku ukipenda nitakueleza kwa nini, nawe utanieleza unavyoona. Lakini sikumsahau Mungu, mjomba, na nisingependa ulale ukidhani hivyo."

Kisha ngoja. Pengine atakuuliza habari za masomo, pengine atakutuma maji tu. Ukitumwa maji, kayalete. Hizo ni dalili njema kwa mzee wa huku. Yeyote kati ya wale wazee wa barazani akikuuliza mmeongea nini, mwambie umemwomba mjomba radhi, basi, ili habari ifike kulekule neno lako lilikosikika.

Na ile picha ya Berlin iache kwenye simu mpaka aiulize mwenyewe.